Kabla ya kununua kamera ya mtumba, uliza nani ataitengeneza

WAHENGA walisema rahisi ni ghali. Maana yake anaijua kila mkulima aliyewahi kununua pampu ya maji ya bei poa, ikamwagilia msimu mmoja, kisha ikalala stoo kwa kukosa spea isiyozidi ukubwa wa kidole. Hasara yake haikuwa bei ya pampu peke yake. Ilikuwa pia nyanya zilizokauka shambani wakati fundi akizunguka mjini kutafuta spea ambayo haikuwepo.

Somo hilohilo sasa linawahusu wafanyabiashara wadogo wa vifaa vilivyotumika, kupitia bidhaa ambayo wengi walidhani ilishazikwa zamani: kamera ya filamu.

Ni kweli kwamba ilikaribia kuzikwa. Kyocera ya Japan ilitangaza mwaka 2005 kuachana na kamera zake za Contax. Januari 2006, Konica Minolta ilitangaza kujitoa kabisa katika biashara ya kamera, na mwezi huohuo Nikon ikasema itaacha kutengeneza kamera zake karibu zote za filamu. Januari 2012 Kodak, kampuni iliyowahi kutawala biashara ya filamu duniani, iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi nchini Marekani. Kamera zilizokuwa zikipiga picha za harusi na pasipoti zikawekwa kabatini, na kazi ikachukuliwa na kamera za dijitali, kisha na simu za mkononi.

Hata hivyo, katika miaka ya karibuni vijana wengi wa Ulaya, Marekani na Japan wamerudia filamu. Mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ilithubutu kutoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17. Lakini kamera mpya za aina hiyo ni chache mno, hivyo wengi wa wanaopiga filamu leo wanatumia kamera zilizotumika. Kamera iliyokuwa haina thamani sokoni sasa ina mnunuzi, na mfanyabiashara mwenye jicho kali anaweza kuona fursa katika makabati ya waliokuwa wapiga picha.

Fursa ipo. Tatizo ni kwamba si kila kamera ya filamu inaweza kutengenezeka, na bei ya sokoni haimwambii mnunuzi ukweli huo.

Kamera hizi zinaweza kugawanywa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni zile zinazofanya kazi kwa springi, meno na vyuma vidogo. Mfano wake ni Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, na Nikon FM2, iliyoingia sokoni mwaka 1982. Katika kamera hizi betri inatumika kwa kipima mwanga tu. Betri ikiisha, mpiga picha anakadiria mwanga kwa macho na kuendelea na kazi.

Kundi la pili ni kamera za kielektroniki. Mlango ulifunguliwa na Canon AE-1 mwaka 1976, kamera iliyokuwa na kompyuta ndogo ndani yake ya kupanga mwanga. Iliuzwa kwa mamilioni. Lakini ikikosa betri, haipigi hata picha moja. Mwaka 1985 ikaja Minolta 7000, iliyojitafutia umbali wa kitu kinachopigwa na kusogeza filamu kwa mota. Baada yake zikafuata kamera ndogo za mfukoni ambazo kila kitu, kuanzia kufungua lenzi hadi kurudisha filamu, kinafanywa na mota na chipu.

Tofauti ya makundi haya haionekani siku ya kununua. Inaonekana siku ya kuharibika.

Springi iliyokatika inaweza kutengenezwa upya na fundi mwenye mkono mzuri. Jino lililolika linaweza kuchongwa. Oili iliyoganda inasafishwa na kuwekwa nyingine. Fundi anafungua, anaona kwa macho kilichoharibika, anakirekebisha. Kwa kamera ya kielektroniki mambo ni mengine. Chipu yake ilitengenezwa na kiwanda kwa ajili ya kamera hiyo au familia yake tu. Kiwanda kikiacha kuitengeneza, hakuna duka linaloiuza na hakuna fundi anayeweza kuichonga. Saketi zake nyingi zimechapwa kwenye plastiki nyembamba inayokunjwakunjwa kuzunguka mwili wa kamera, na ikipasuka mahali pamoja, kuiunga ni kazi ya bahati nasibu.

Yapo na magonjwa ya uzee. Kioo cha namba cha Minolta 7000 mara nyingi huvuja, doa jeusi likafunika namba. Katika baadhi ya kamera za Canon EOS za mwishoni mwa miaka ya 1980, kipande cha mpira laini kilicho ndani huyeyuka kikawa kama lami na kunata kwenye mapazia ya shata. Kamera ndogo za mfukoni zina meno ya plastiki yanayovunjika. Aidha, betri iliyosahauliwa ndani kwa miaka huvuja na kula nyaya.

Mtu anaweza kudhani kwamba kamera ya daraja la juu ina usalama zaidi. Canon EOS-1V, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa kamera ya filamu ya juu kabisa ya kampuni hiyo. Mwaka 2018 Canon ilitangaza mwisho wa mauzo yake, ikaeleza kuwa huduma ya matengenezo ingefikia kikomo Oktoba 2025. Kampuni haikufanya kosa. Ilitoa taarifa mapema na ilitoa huduma kwa miaka mingi. Lakini chombo kinachotegemea spea za kiwanda kimoja kina tarehe ya kufa hata kama mwili wake bado unang'aa.

Jambo la kushangaza ni bei. Contax T2, kamera ya mfukoni ya kielektroniki iliyotoka mwaka 1990, imepanda sokoni hadi kufikia dola elfu moja za Marekani, wakati mwingine zaidi, ingawa mtengenezaji wake aliacha biashara hiyo tangu mwaka 2005. Wakati huohuo Pentax K1000, ambayo fundi mzoefu anaweza kuifungua na kuifunga, inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Soko linalipia jina na mtindo. Halilipii uwezo wa kutengenezeka.

Kwa tajiri anayekusanya kamera, huo ni mchezo. Kwa mfanyabiashara aliyechukua mkopo wa VICOBA, ni hatari, kwa sababu rejesho halisubiri chipu ipatikane.

Chukua hesabu ya mfano. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa Sh600,000 ananunua kamera kumi za kielektroniki kwa Sh60,000 kila moja, akitarajia kuuza kila moja Sh100,000. Zikiwa nzima zote, anapata Sh1,000,000, yaani faida ya Sh400,000. Lakini anahitaji sita kati ya kumi ziwe nzima ili mtaji urudi tu. Zikikutwa tatu zimekufa, na mbili zikarudishwa na wateja wanaodai fedha zao, zinabaki tano za kumwingizia Sh500,000. Hata akiuza mizoga hiyo mitano kwa Sh10,000 kila mmoja, bado ana hasara ya Sh50,000 kabla ya nauli.

Mwenzake mwenye mtaji uleule ananunua kamera sita za springi kwa Sh100,000 kila moja. Mbili ni mbovu, analipa fundi Sh40,000 kwa kila moja, jumla Sh80,000. Akiuza zote sita kwa Sh160,000 anapata Sh960,000. Akitoa mtaji na gharama ya fundi anabakiwa na faida ya Sh280,000. Faida hii ni ndogo kuliko ndoto ya mwenzake wa kwanza, lakini ubovu wa kamera mbili kati ya sita haukumwangusha. Kamera mbovu inayotengenezeka ni gharama. Kamera mbovu isiyotengenezeka ni mtaji uliopotea.

Pamoja na hayo, si haki kuzihukumu kamera zote za kielektroniki. Nikon F3 ya mwaka 1980 ni ya kielektroniki, lakini waliobuni waliiwekea kitufe cha dharura kinachopiga picha bila betri. Mlio wa kukwaruza unaosikika katika Canon AE-1 nyingi hutokana na oili iliyokauka kwenye meno, na fundi anaumaliza kwa tone la oili likiwekwa mahali sahihi. Ile lami ya kamera za EOS inaweza kusafishwa. Isitoshe, kamera iliyouzwa kwa mamilioni ina mizoga mingi, na mzoga mmoja huponya wagonjwa wawili. Zipo pia kamera za springi zilizochakaa kiasi cha kutofaa kitu.

Kwa hiyo swali si kama kamera ina umeme au haina. Swali ni kama kilicho ndani yake kinaweza kupatikana tena au kutengenezwa na mtu mwingine asiye kiwanda chake. Ili kupata jibu, mnunuzi anapaswa kujiuliza mambo manne kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, je, inapiga picha bila betri? Kama haipigi, betri yake inapatikana wapi na kwa bei gani? Baadhi ya kamera za zamani zilitegemea betri za zebaki ambazo zimepigwa marufuku katika nchi nyingi.

Pili, zilitengenezwa ngapi? Kamera iliyotengenezwa kwa wingi ina spea za kutoa kwenye mizoga. Kamera adimu inavutia, lakini ikifa haina ndugu wa kuichangia.

Tatu, fundi gani ameahidi kuifungua? Jina la fundi lijulikane kabla ya kununua, siyo baada ya kuharibika. Fundi wa redio mwenye ujuzi anaweza kubadili waya au kapasita ya kawaida, lakini asiguse kamera yenye flashi kwa pupa, kwani kapasita ya flashi hubeba umeme wa volti takriban 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Nne, imejaribiwa? Ifunguliwe sehemu ya betri kuangalia kutu ya kijani. Shata ipigwe kwa kasi zote, polepole na haraka. Lenzi inayojitokeza yenyewe itolewe na kurudishwa mara kadhaa. Ikiwezekana, ipigwe filamu moja na kusafishwa. Gharama ya filamu hiyo ni ndogo kuliko aibu ya kurudishiwa kamera na mteja.

Mkulima asiye na haja na kamera naye anahusika. Trekta la zamani kama Massey Ferguson 135 bado linalima kwa sababu fundi wa kijijini anaweza kulifungua kwa spana. Matrekta mapya yana kompyuta zinazopunguza mafuta na kurahisisha kazi, faida ambayo haipaswi kubezwa. Lakini nchini Marekani kwenyewe wakulima wamelalamika kwa miaka kwamba hawawezi kutengeneza mashine zao bila programu ya kiwanda. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwapa wakulima haki hiyo, na Januari 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ya nchi hiyo iliifungulia kesi kampuni ya Deere kuhusu suala hilo. Ikiwa mkulima wa huko mwenye mamia ya ekari analia, mkulima wa ekari tano anayenunua mashine iliyotumika anapaswa kuuliza maswali yaleyale manne.

Wadau nao wana sehemu yao. Vyuo vya ufundi vinaweza kuwafundisha vijana ukarabati wa vifaa vidogo vya usahihi, kwani mafundi wa kamera waliokuwepo wanazeeka na ujuzi wao haujaandikwa popote. Waagizaji wa mitumba wangepaswa kutenganisha kamera nzima na mizoga, na kuviuza kwa bei tofauti bila kuficha. Na mafundi wasitupe kamera zilizokufa, maana humo ndimo zilimo spea pekee zilizobaki duniani.

Kifaa kilichotumika kina bei mbili. Moja hutamkwa na muuzaji dukani, nyingine hutamkwa na fundi baadaye. Mfanyabiashara anayeuliza bei ya kwanza tu amefanya nusu ya hesabu, na nusu iliyobaki ataifanya siku ambayo mteja amesimama mlangoni na kamera mkononi, akitaka fedha yake.