Ufundi wa kijijini usingojee shule kufungwa

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo naona tunalisahau upesi. Jambo lenyewe ni yale tuliyoyaona vijijini wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona mwaka 2020.

Wasomaji watakumbuka kuwa mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na siku ya pili yake Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule. Watoto wa shule za msingi walirudi madarasani Juni 29. Hatukufungiwa majumbani kama wenzetu wa Rwanda na Uganda. Mkulima aliendelea kwenda shamba na mvuvi baharini. Lakini watoto walikaa zaidi ya miezi mitatu bila shule wala mashindano ya michezo.

Kila miezi hiyo inapozungumzwa, husemwa kuwa ilikuwa hasara tupu. Kwamba hasara ilikuwepo sikatai. Vipindi vya masomo vilitolewa redioni na kwenye televisheni, lakini nyumba isiyokuwa na redio haikufaidi kitu. Wapo watoto waliorudi wakiwa wamesahau kusoma, na wapo waliokwisha kuzoea kutafuta fedha, hata kuwarudisha darasani ikawa taabu.

Hata hivyo, huku kwetu pwani ya Mtwara, kutoka Msimbati kushuka hadi maingilio ya mto Ruvuma, yalitokea mambo mengine yanayostahili kuandikwa. Mvua zilipokatika na kusi kuanza kuvuma, watoto walirusha tiara walizozitengeneza kwa njiti za makuti na karatasi za mifuko ya saruji, maana mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku tangu Juni 2019. Gundi yao ilikuwa uji wa muhogo. Wengine walichukua makarara ya minazi wakayatia mlingoti na tanga, wakayashindanisha maji yanapojaa. Kuta za udongo zilichorwa samaki na majahazi kwa mkaa, chokaa na udongo mwekundu.

Na watu wazima hawakubaki nyuma. Wavulana ambao hawakuwahi kukaa kwenye jamvi la mama zao walianza kusuka ukili. Vijana waliketi na wazee kwenye bao mpaka wakaelewa namna ya kuzihesabu kete 64 katika mashimo 32 kwa macho tu, bila kugusa. Jioni vilitegwa vitendawili, na vya zamani vilipokwisha watoto wakaanza kubuni vyao. Mtoto mmoja wa darasa la nne alitega hivi: mama amebebwa na wanawe wawili asizame. Jibu lake ni ngalawa na matengo yake. Kitendawili hicho hakimo katika kitabu chochote nilichopata kufundishia.

Ndugu Mhariri, mambo yote hayo hayakuletwa na mradi, wala hakuna aliyetengewa fungu la fedha. Yalikuwepo mtaani siku zote. Kilichoongezeka ni nafasi tu: mtoto alikuwa na wakati na mzee alikuwa na mtu wa kumsikiliza.

Shule zilipofunguliwa, mengi ya hayo yalikatika. Ilionekana ni lazima kufidia muda uliopotea, kwa hiyo jioni na Jumamosi zikawa za mazoezi ya mitihani. Nazielewa sababu zake, lakini korona imekwisha kupita na hali bado ni ile ile. Katika kitongoji chetu alikuwepo mzee aliyejua kusokota kamba za kumbi kwa namna ya zamani: makumbi hufukiwa mchangani yakaliwa na maji ya bahari kwa miezi, kisha yakapondwa na kusokotwa. Watoto watano walianza kujifunza kwake mwezi wa Aprili. Makumbi yalipokuwa tayari kufukuliwa, wanafunzi hawakuwa na nafasi tena. Mzee huyo amekwisha kutangulia mbele ya haki, na hapa kitongojini hakuna aliyeijua kazi hiyo hadi mwisho wake.

Sasa Serikali imetufungulia mlango. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Lakini tunapokutana walimu husikika malalamiko kwamba somo halifundishiki kwa kuwa hakuna rangi, brashi wala karatasi za kuchorea. Vifaa vikipatikana tutavipokea kwa mikono miwili. Lakini je, tukae tumefumba mikono mpaka vifike?

Tumkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, huku huku kusini. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi za mafuta za kawaida. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini leo jina lake ni jina la uchoraji unaojulikana dunia nzima. Tuwakumbuke pia mafundi wa Kimakonde, ambao kwa tezo na patasi wameufanya mpingo usifiwe hadi ng'ambo. Hawa hawakungoja kuletewa vifaa. Na mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikwisha kutuonya juu ya shule inayomtenga mtoto na maisha ya kijiji chake.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Kwanza, kila shule ya kijiji itenge alasiri moja kwa wiki, na mafundi wa pale pale kijijini waalikwe: msusi wa mikeka, mfuma madema, mpiga ngoma ya sindimba, mcheza bao. Alasiri hiyo isimegwe kwa ajili ya mitihani ya majaribio.

Pili, mafundi hao wasigeuzwe vibarua wa bure. Kamati ya shule iwape heshima yao, hata kama ni kilo ya sukari au kusaidiwa palizi kwa hiari ya wazazi.

Tatu, walimu tuunganishe ufundi huo na masomo mengine. Tanga la pembetatu ni hesabu. Kutofautisha mchu, mkandaa na mlilana ni sayansi. Kitendawili kilichobuniwa na mtoto mwenyewe ni Kiswahili safi.

Nne, tuwafundishe watoto mipaka. Sehemu kubwa ya pwani hii imo katika hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Mtoto asivunje tumbawe wala kukata mkoko kwa ajili ya kupamba darasa.

Najua wapo wazazi watakaosema kwamba hawakumpeleka mtoto shule akajifunze kusuka ukili aliouacha nyumbani. Hofu yao ni ya haki, maana wanataka mtoto afaulu. Nami nawajibu kwamba alasiri moja haiwezi kumfelisha mtoto. Wengi wa watoto wetu hawatafika chuo kikuu, lakini wote wataishi mahali fulani, na atakayejua kukitengeneza kitu kizuri kwa vilivyopo karibu naye hatakuwa mnyonge hapo alipo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Nawaomba maofisa elimu na viongozi wa vijiji walifikirie jambo hili mapema, wakati wazee wenye ujuzi bado tunao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mtwara Vijijini.