Daftari la Bwana Samaki Lina Mipaka Yake

Mvuvi anapokwenda kuomba leseni hutakiwa kutaja jina lake, mahali anapokaa, namba ya kitambulisho, namba ya simu, chombo anachovulia na nyavu alizo nazo. Akirudi kutoka majini huulizwa amevua wapi na amepata kilo ngapi. Akishikwa na wavu usioruhusiwa huandikwa upya, na safari hii pamoja na kosa analoshitakiwa. Mambo yote haya huingia katika daftari, na siku hizi huingia katika kompyuta. Twauliza: yakishaingia humo, ni mali ya nani?

Sisi twajibu bila kusitasita: ni ya mvuvi mwenyewe. Ofisi ya uvuvi imeazimwa tu, kwa kazi moja, nayo ni kulinda samaki wa nchi hii. Mwazimwaji hana ruhusa ya kukikopesha kitu cha watu, wala kukiacha nje usiku, wala kumpigia mwenyewe nacho.

Asitokee mtu akasema kwamba twapinga uandikishaji. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na samaki ni mali kubwa ya taifa. Tangu mwaka 2000 nchi zinazozunguka Ziwa Victoria zimekuwa zikihesabu wavuvi, vyombo na zana, na bila hesabu hiyo hakuna ajuaye ziwa linabeba mzigo gani. Huko pwani, anayelipua baruti juu ya miamba huua mazalio ya samaki wa miaka mingi ijayo, naye lazima ajulikane na ashikwe. Kazi ya Bwana Samaki ni kazi ya taifa nasi twaiunga mkono. Lakini kazi njema haimpi mtu ruhusa ya kufanya apendavyo na majina ya watu.

Watu wa Afrika Mashariki hawakuanza jana kuandikwa. Kule Kenya, kuanzia mwaka 1920, serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande, na wengi walikining'iniza shingoni katika kikopo cha bati. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyake, waajiri wake na mshahara wake. Tajiri aliandika humo, na kibarua, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, alibeba shingoni hukumu asiyoweza kuipinga. Harry Thuku na wenzake walikilalamikia kipande hicho, na mwaka 1922 Thuku akatiwa ndani. Ubaya wa kipande haukuwa katika wino na karatasi. Ubaya ulikuwa kwamba mmoja anaandika na mwingine anaandikwa, na huyu anayeandikwa hana sauti.

Leo tuna serikali yetu wenyewe na tuna sheria zetu wenyewe. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Tena Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ikaundwa ya kuisimamia. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, ziwe sahihi, zitunzwe kwa usalama, na zisikae kupita muda unaohitajika. Alama za vidole na habari za makosa ya mtu zimewekwa katika fungu la taarifa nyeti, zenye ulinzi mkali zaidi. Mwenye taarifa amepewa haki ya kuziona, kuzisahihisha na kudai fidia akidhuriwa.

Sheria ni nzuri. Tatizo ni kwamba haikuandikwa kwa ajili ya maofisi ya mjini peke yake, na sisi twataka kuiona ikifika mwaloni. Mvuvi gani ameambiwa, siku anapoandikishwa, taarifa zake zitakwenda kwa nani? Daftari la kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi hulala wapi usiku, katika sanduku lenye kufuli au juu ya meza ya kibanda? Mwenyekiti wa kikundi akimaliza muda wake, daftari humkabidhi nani? Mtu aliyelipa faini zamani, akatubu na kununua nyavu halali, jina lake hubaki katika orodha ya wahalifu mpaka lini? Haya si maswali ya kumtukana mtu. Ni maswali ya mwenye mali kwa mtunzaji wake, na mtunzaji mwaminifu huyajibu mara moja.

Tuangalie pia picha. Askari wa doria akimpiga mtuhumiwa picha kwa simu yake mwenyewe, kisha akairusha kwa marafiki, mtu yule amekwisha hukumiwa kijiji kizima kabla hakimu hajafungua jalada. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshitakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Mahakama ikimwachia huru, nani atakwenda kuifuta picha ile katika simu za watu mia?

Liko jambo zito kuliko hilo. Wapigaji wa baruti hawashikwi kwa doria peke yake. Hushikwa kwa sababu mwananchi mmoja alijitokeza akasema, "Fulani ana baruti, na hutoka alfajiri." Mwananchi yule anaishi mtaa mmoja na huyo Fulani, watoto wao wanasoma shule moja, na ngalawa yake imefungwa ufukoni bila mlinzi. Jina lake likitoka katika ofisi, hata kwa maneno ya mzaha kwenye kahawa, ngalawa ile yaweza kuteketezwa, naye mwenyewe aweza kuuawa. Iko Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Basi afisa anayelegeza ulimi amevunja sheria, na zaidi ya hayo amewafunga midomo wote ambao wangesema kesho.

Na hesabu za samaki je? Karani anapomwuliza nahodha amevua wapi, anaulizia urithi. Mwamba wenye samaki ni siri ambayo baba humwachia mwanawe. Mvuvi akiamini kwamba jibu lake litasaidia kujua hali ya samaki, atasema kweli. Akishuku kwamba jibu lile lile litampa mtoza ushuru fimbo, au litamwonyesha tajiri mwenye mashine kubwa mahali pa kutupa nyavu, atadanganya. Hapo takwimu zitajaa uwongo, wataalamu watapanga mipango juu ya uwongo, na samaki watakwisha huku vitabu vikisema wapo. Kwa hiyo siri ya mvuvi ni sehemu ya ulinzi wa samaki wenyewe.

Sasa tuwatazame wakubwa. Mwezi Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika bahari yetu, imejaa jodari. Waliosimama kizimbani walikuwa mabaharia, nahodha na wakala. Majina yao yalisomwa na picha zao zikatolewa magazetini. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu iliyokuwa imetolewa. Katika miaka yote ile, mwenye kutia faida mfukoni hakuletwa kizimbani. Mambo haya ndiyo yanayotukasirisha. Mvuvi wa ngalawa anajulikana mpaka namba ya simu, na mwenye meli kubwa anajificha nyuma ya bendera ya nchi nyingine na kampuni ndani ya kampuni. Dau la mnyonge haliendi joshi, lakini jina lake lafika kila ofisi!

Wala asije mtu akaigeuza sheria ya taarifa binafsi iwe shuka la kuwafunika wakubwa. Sheria ile humlinda mtu mwenye nyama na damu. Kampuni haina maisha binafsi wala unyumba. Leseni ya meli inayovua samaki wa taifa, ada iliyolipwa na kosa lililothibitika ni mambo ya umma, na umma una haki ya kuyajua. Wenzetu wa Shelisheli, katika Bahari ya Hindi hii hii, wamekwisha jiunga na mpango wa uwazi wa uvuvi. Wao wakiweza, sisi tutashindwa na nini?

Wako watakaosema, "Mkitubana hivi, wahalifu watatoroka." Hoja hiyo haina miguu. Sheria yenyewe imeacha nafasi kwa ajili ya kuzuia na kugundua uhalifu. Kinachokatazwa ni uzembe, umbeya na biashara, na hakuna hata kimoja katika hivyo kilichowahi kumshika mpiga baruti.

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, kila mvuvi aelezwe kwa Kiswahili, siku ya kuandikishwa, taarifa zake ni za kazi gani, zitatunzwa muda gani na nani atazisoma. Pili, madaftari ya mialo na madiko yawe na kufuli na mtu mmoja wa kujibu. Tatu, picha za watuhumiwa zisipigwe kwa simu za binafsi. Nne, majina ya watoa habari yatengwe kabisa na majalada ya kawaida. Tano, taarifa za samaki waliovuliwa zisigeuzwe kuwa za ushuru kwa mlango wa nyuma. Sita, orodha ya meli kubwa zenye leseni, pamoja na wenye meli wa kweli, ibandikwe mahali pa watu wote kusoma.

Nanyi wanachama wa matawi ya pwani na ya maziwa, msingoje makao makuu. Itisheni mkutano mwaloni, mwiteni Bwana Samaki kwa heshima, aje na daftari lake, na kila mvuvi aombe kusomewa ukurasa wake. Palipokosewa pasahihishwe hapo hapo. Akikataliwa bila sababu, tawi limsaidie kuandika malalamiko kwa Tume. Haki hiyo imo katika sheria, na anayengoja kuletewa nyumbani atangoja sana.