Kopo la maziwa mbele ya Bikira Maria

Nimesikia habari iliyoniudhi, nami sitanyamaza. Mama mmoja Mkristu aliokota kopo tupu la maziwa ya unga. Akalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, akagonga ukingo wake kwa jiwe lisije likakata mtoto. Kisha akalivika vipande vya vikwembe alivyoomba kwa mshonaji, akashonea juu yake vifungo vya mashati yaliyochakaa. Akatia maua, akaliweka nyumbani mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Jioni majirani walikuja kusali Rozari. Walipomaliza, mmoja akasema: «Mama, Bikira Maria anastahili kitu cha dukani.» Wengine wakacheka. Kesho yake kopo lilikuwa jalalani, na mama alikuwa dukani akichukua chombo cha plastiki kwa deni.

Kwa deni! Na mtoto wake wa sekondari alikuwa hajalipiwa masomo.

Wanaocheka hivyo wanadai kwamba kupamba kwa masalio ni umaskini na ushamba. Basi waende Kasai, wawatazame Wakuba. Huko wanaume hufuma kitambaa kwa nyuzi za rafia. Kikitoka mtamboni ni kigumu, hakivaliki. Lazima kipondwe mpaka kilainike. Kwa kupondwa hutoboka. Mwanamke hufanya nini? Hakitupi. Hushona kiraka juu ya tundu. Na kwa kuwa kiraka kimoja peke yake kingeonekana kama aibu, huongeza kingine mahali pasipo na tundu, na kingine tena, mpaka macho yasijue tena tundu lilikuwa wapi. Hivyo kiraka kikawa pambo, na nguo hizo ndefu zikawa za heshima, za ngoma na za maziko ya wakubwa. Henri Matisse, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1954, alizitundika nguo za Wakuba ukutani mwa chumba chake cha kazi. Yeye aliweza kununua chochote dukani. Nasi wana wa Kongo tuone haya kwa kiraka?

Sisemi kwamba kikombe cha Misa kitengenezwe kwa mkebe. Kanisa lina sheria zake juu ya vyombo vitakatifu, na paroko anazijua. Nasema juu ya nyumba zetu, meza zetu, na pembe ile tunaposalia.

Tena, mnaocheka, mmesahau Injili? Bwana wetu alipokwisha kuwalisha wanaume elfu tano, aliagiza mitume wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee hata kimoja. Vikapu kumi na viwili! Aliyeweza kuzidisha mikate hakudharau masalio yake. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kutumia tena kitu badala ya kukitupa upesi kunaweza kuwa tendo la upendo. Upendo, wandugu! Ninyi mlikiona kichekesho.

Lakini nisije nikasifiwa na wasiostahili. Kopo lililokuwa na dawa ya wadudu au rangi, hata ukilipamba namna gani, usitie ndani yake unga wala chumvi. Tena wako vijana wanaouza bangili na vikapu vidogo vya waya wa shaba, kazi safi kabisa, na waya wenyewe ulikatwa usiku kwenye nguzo za umeme. Hayo si masalio, ni wizi. Kwa ajili yake mtaa mzima hukaa gizani, na wagonjwa hospitalini pia. Anayekuletea kitu cha shaba mlangoni, muulize kwanza waya umetoka wapi. Akijikuna kichwa, arudi nacho.

Na yule aliyecheka baada ya Rozari aende kwa mama huyo amwombe radhi. Akipita njiani, amwokotee kopo jingine.