Sista wa wadi pia anaweza kuwa mkubwa

Ukipanda matatu asubuhi hapa Kamenu, mwangalie yule sista anayesinzia dirishani akitoka zamu ya usiku. Yeye ndiye anajua dawa gani imeisha na wadi gani imefurika. Lakini bajeti ya hospitali ikipangwa, nani humuuliza?

Kwa cheo cha mkurugenzi wa afya wa kaunti, sheria imemfungia mlango. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mkurugenzi huyo awe daktari aliyesajiliwa, tena awe angalau na shahada ya uzamili katika udaktari, afya ya umma au taaluma nyingine ya afya. Lakini hicho si cheo pekee.

Shida nyingine ni kwamba digrii ya pili ni pesa na muda. Mimi karo ilinishinda nikaacha chuo, kwa hivyo najua. Kaunti iwape wauguzi ruhusa ya masomo na iwasaidie karo, kisha wakirudi wapewe vyeo, si zamu ileile. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma miezi mitano. Jiulize nani alikuwa anawasemea huko juu.

Wewe unayesomea uuguzi, usiishie kwa diploma. Hiyo meza pia ni yako.