Toba Ifike kwa Aliyekosewa

Mwaka 1941 mwalimu kijana wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, aliokoka. Jina lake Festo Kivengere. Alikuwa mnywaji, na moyoni alibeba chuki dhidi ya Mzungu mmoja mmisionari. Alipompokea Kristo, chuki ile ilimkosesha raha. Akapanda baiskeli, akakanyaga makumi ya maili kwenye vilima vya Kigezi, akabisha hodi kwa Mzungu yule na kumwomba msamaha. Baadaye Kivengere alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, akawa mkalimani wa Billy Graham alipohubiri Tanganyika mwaka 1960, na mwaka 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi. Hata akiwa askofu, habari ya baiskeli haikuachwa nyuma. Ilikuwa sehemu ya ushuhuda wake.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki leo, mtu anaweza kuokoka Jumamosi jioni uwanjani, akarudi kwenye shughuli zake Jumatatu, na dada wa kazi aliyemdhulumu mshahara wa miezi mitatu asione tofauti yoyote. Mhubiri ameita, watu wamekwenda mbele, wameongozwa sala ya toba, majina yameandikwa na kwaya imeimba. Hayo yote ni mema. Kinachokosekana ni swali ambalo Walokole wa kizazi cha Kivengere hawakulikwepa: umemkosea nani, na utatengeneza naye lini?

Swali hilo limo ndani ya Maandiko yenyewe. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi sura ya 6, inamtaka aliyeiba au kudhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe, na pia amletee kuhani kondoo wa sadaka ya hatia. Sadaka haikufuta deni la jirani. Katika Mahubiri ya Mlimani Yesu anakwenda mbali zaidi: aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, akapatane naye kwanza, ndipo arudi kuitoa.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kurudisha wokovu wa matendo, na hofu yao ina msingi. Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, alipinga biashara ya vyeti vya rehema, iliyowafanya watu waamini kwamba adhabu ya dhambi huondolewa kwa fedha. Paulo naye amewaandikia Waefeso wazi kwamba mtu huokolewa kwa neema, wala hana cha kujisifia. Lakini mstari unaofuata unasema aliyeokolewa ameumbwa upya ili atende mema. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, anaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja. Yesu alimwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake kabla mtu yule hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia. Kisha Zakayo akasimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakuwa ananunua msamaha. Alikuwa amekwisha kupokelewa, na fedha za watu hazikuweza tena kukaa mfukoni mwake kwa amani.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulilichukua fundisho hili kama lilivyo. Mizizi yake iko Gahini, kando ya Ziwa Muhazi nchini Rwanda, alikofika daktari Mwingereza Joe Church mwaka 1928. Mwaka uliofuata, akiwa amechoshwa na kazi na njaa kali iliyoikumba nchi, Church alikwenda Kampala na kukutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Katika enzi za ukoloni, Mzungu na Mwafrika kuketi pamoja kama wenye dhambi wawili wanaohitaji neema ile ile lilikuwa jambo zito.

Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali ya Gahini, naye alifika kwa Nsibambi akiwa na malalamiko mengi kuhusu kazi na wakubwa wake. Nsibambi alimgeuzia swali, akamtaka autazame moyo wake mwenyewe kwanza. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, na kazi ya hospitali ikaanza kubadilika kupitia yeye. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliwasha moto huo katika shule ya wainjilisti hapo hapo Gahini hadi kifo chake Januari 1936. Kabla ya mwaka 1940 moto ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka na kufika Kenya na Bukoba, ambako baadaye ulimlea Josiah Kibira, Mhaya aliyekuja kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984.

Alama ya Walokole, watu wa Uamsho huo, ilikuwa kurudisha. Makarani walifika kwa waajiri wao na fedha au vifaa walivyoiba. Watu waliwafuata majirani waliowadanganya wakakiri ana kwa ana. Wanaume waliwaomba wake zao msamaha mbele ya ndugu, jambo ambalo mila nyingi hazikulijua. Si kila kitu kilikuwa safi: ushuhuda wa hadhara ulifichua siri za watu wengine, ukaaibisha familia, na baadhi ya waliookoka waligeuka mahakimu wa wenzao. Viongozi wa kanisa nao waliwaona wakaidi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa. Hata hivyo Walokole walithibitisha imani yao kwa gharama kubwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Baadhi waliuawa.

Ndiyo maana mwaka 1994 unauma. Nchi ulikozaliwa Uamsho, ambako karibu watu tisa kati ya kumi walihesabiwa kuwa Wakristo, iliwachinja Watutsi kwa siku takriban mia moja. Wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Padri Athanase Seromba wa Nyange alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha kwa sehemu yake katika kubomoa kanisa kwa tingatinga huku watu wakiwa ndani. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, na hao wasisahauliwe. Lakini swali haliwezi kukwepwa: dhambi gani zilikuwa zikikiriwa miaka yote hiyo? Pombe, uzinzi, wizi na uchawi vilitajwa sana. Chuki ya kabila, vitambulisho vilivyowagawa watu, na kimya cha kanisa mbele ya watawala, havikupewa uzito huo. Mtu aliweza kurudisha jembe la jirani na kubaki akiamini kwamba jirani huyo si mtu kamili.

Upofu huo haukuanzia Rwanda. John Newton, mtunzi wa wimbo wa neema unaoimbwa dunia nzima, alimlilia Mungu katika dhoruba ya bahari mwaka 1748, kisha akawa nahodha wa meli za watumwa hadi mwaka 1754, akiongoza ibada juu ya sitaha huku watu wakiwa wamefungwa minyororo chini. Ilimchukua hadi mwaka 1788 kuchapisha kijitabu cha kuilaani biashara ile na kukiri kwamba ungamo lake limechelewa. Wale aliowauza hakuweza tena kuwapata. Alichoweza kutoa ni ukweli, na aliutoa hadharani wakati Bunge la Uingereza lilipouhitaji.

Rwanda baada ya mauaji imelazimika kujifunza toba yenye anwani. Mahakama za kijamii za gacaca, zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili, na sehemu kubwa zilihusu mali: mabati, ng'ombe, mavuno yaliyoporwa. Aliyekiri alitakiwa kusema alichofanya na alikuwa na nani, na aombe radhi. Katika kijiji cha Mbyo wilayani Bugesera, kwa msaada wa shirika la Kikristo la huduma ya magereza, watu waliotoka jela kwa kushiriki mauaji walifyatua matofali na kujenga nyumba pamoja na walionusurika, nao wanaishi humo jirani kwa jirani. Tofali halimrudishi mtoto aliyeuawa, na hakuna anayedai hivyo. Lakini mjane aliyejengewa ana paa, na anajua miili ya wapendwa wake ilitupwa wapi kwa sababu muuaji amesema.

Hapa pana tahadhari moja ambayo makanisa yetu huisahau. Kutengeneza ni wajibu wa aliyekosa. Kusamehe ni uamuzi wa aliyekosewa, tena kwa wakati wake. Wapo manusura wa Rwanda waliohisi kusukumwa wasamehe ili nchi isonge mbele. Kivengere mwenyewe, baada ya Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, kuuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977 na yeye kuvuka milima kwa miguu kukimbilia Rwanda, alitangaza kwamba amemsamehe Amin, lakini hakuacha kuueleza ulimwengu uovu wa utawala ule. Msamaha wake haukumfunga mdomo. Kwa hiyo mke anayepigwa asiambiwe avumilie kwa kuwa mumewe ameongozwa sala ya toba juzi, na mtoto aliyenajisiwa na mtumishi wa kanisa hahitaji kikao cha wazee cha kupatanisha. Toba ya wakosaji hao inapitia polisi na mahakamani, na mchungaji anayewaonea huruma awasindikize huko.

Kuna pia sababu kwa nini swali la kurudisha limefifia. Kanisa linalotegemea sadaka kubwa huona ugumu kumhoji mtoaji wake mkubwa. Mhasibu aliyekula fedha za ushirika wa wakulima akileta fungu la kumi, sehemu ya jasho la wakulima imeingia kapuni, na kanisa limeshiriki. Walawi 6 inamtaka mhasibu yule aanze na wakulima. Mchungaji akimwambia hivyo atapoteza sadaka, pengine na mshirika pia, na hiyo ni hasara anayopaswa kuwa tayari kuibeba.

Mafundisho ya waongofu wapya na madarasa ya kipaimara yanaweza kubadilishwa bila gharama yoyote. Kabla ya ubatizo, mwongofu aulizwe kwa faragha, na mtu anayeaminika, orodha ya waliodhulumiwa: shamba la mjane wa kaka yake, matunzo ya mtoto aliyezaa akamkana, mishahara ya vibarua, cheti cha kughushi kilichompa kazi. Asiyeweza kulipa yote alipe kidogo kidogo, kwa mpango unaojulikana. Kanisa nalo lijiulize swali hilo hilo kuhusu ardhi yake, shule zake na jinsi linavyowalipa walinzi na wafagiaji wake. Vikundi vya ushirika vilivyorithiwa kutoka kwenye Uamsho bado vinakutana Kagera, Kigezi na Kenya ya kati, vikiwa na desturi ya watu kuambiana ukweli bila kufichana. Kazi hii inaweza kuanzia humo wiki hii, kwa mtu mmoja kutaja deni moja na tarehe ya kulilipa.