Cheti Hakizuii Kipande Kuingia Jichoni

Jamani, kuna mtindo umeingia hapa kambini. Unafunga chupa kwa uzi uliolowekwa petroli, unawasha moto, kisha unaitumbukiza kwenye maji baridi. Eti ubunifu! Kwenye nyumba za turubai na nyasi? Moto ukishika hauulizi bloku ya nani. Na chupa yenyewe mara nyingi inapasuka upande.

Njia ipo. Chukua kile kifaa cha fundi vioo chenye kigurudumu, zungusha mstari mmoja tu, usiurudie. Mwagia maji ya moto juu ya mstari, halafu ya baridi, mpaka chupa iachane. Ukingo sugua kwa msasa ndani ya maji, maana vumbi la kioo si la kuvuta. Miwani machoni, glavu mikononi, watoto mbali.

Sasa nanyi watu wa mashirika: mnaleta semina ya siku moja, mnapiga picha glasi zetu, jioni mnaondoka na vifaa. Sisi tunabaki na vyeti na uzi. Tukiungua, msishangae. Kiacheni kifaa, iacheni miwani. Hayo ndiyo mafunzo.