Anayekusoma mawazo kwa pesa, aulizwe alijifunzia wapi

WALUNGU – Tangu vita vifike Bukavu mwezi wa pili 2025, familia nyingi za Sud-Kivu zimetawanyika. Papa amekimbilia huku, mtoto kule, simu haipiti. Pale watu wanapokaa na swali la namna hiyo, muuzaji wa jibu hakawii kufika. Wengine wanamwita nabii, wengine mlaguzi, wengine mtumishi. Anamtazama mama usoni, anamtajia mambo ya nyumbani kwake ambayo hakumweleza mtu, mama anashtuka na kulia. Baadaye inatajwa sadaka. Siku mbaya zaidi linatajwa jina la jirani.

Lazima isemwe wazi: kujua mambo ya mtu kwa namna hiyo ni ufundi. Unafundishwa, unazoezwa, na una njia zake. Ulaya na Marekani wenye ufundi huo wanaitwa mentalisti. Wanapanda jukwaani, wanataja jina ambalo mtu amelifikiria tu, na watazamaji wanapiga makofi. Wengi wao wamefika hapo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mazingaombwe. Kijana anaanza na karata na sarafu, anajifunza kuficha kitu mkononi na kubadilisha karatasi bila kuonekana. Halafu anagundua kwamba watu wanashangaa zaidi akifichua wazo kuliko akifichua karata. Swali lililoandikwa na kukunjwa analisoma kwa siri, kisha anafumba macho kana kwamba amelipata hewani.

Njia ya pili ni saikolojia, elimu ya akili na tabia za watu. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake. Aliwaomba wayapime usahihi kwa alama 0 hadi 5. Kwa wastani walitoa 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, yenye sentensi alizozitoa hasa katika kitabu cha nyota. Neno linalomfaa kila mtu, kila mtu analipokea kama lake.

Njia ya tatu ni kupiga ramli yenyewe. Ray Hyman alisoma viganja vya watu kwa pesa akiwa bado kijana, na aliamini kabisa kwamba mistari ya mkono inasema kweli, maana wateja walikubali. Rafiki yake mentalisti, Stanley Jaks, akamshauri awaambie kinyume cha mistari inavyosema. Akafanya hivyo. Wateja wakakubali vilevile. Hyman alikuja kuwa profesa wa saikolojia, na maisha yake yote akaeleza jinsi watu wanavyojidanganya kwa namna hii. Kisa chake kinafundisha jambo moja: si kila mlaguzi ni mwongo kwa makusudi. Wengine wamedanganywa na makofi ya wateja wao.

Njia hizo tatu zinaishia chumba kimoja. Tofauti inakuja baada ya hapo. Mentalisti mwaminifu anauza tiketi ya mchezo, na watu wanarudi nyumbani wakicheka. Mwingine anachukua ufundi uleule na kuusimika juu ya madhabahu.

Hilo limeshaonekana. Mwaka 1986 mhubiri wa Marekani Peter Popoff alikuwa akitaja mbele ya umati majina ya wagonjwa, magonjwa na hata anwani zao, akisema ni Mungu anayemfunulia. Mfanya mazingaombwe James Randi na wenzake wakaja na chombo cha kunasa mawimbi ya redio. Wakasikia sauti ya mke wa mhubiri ikimsomea kadi za maombi ambazo wagonjwa wenyewe walizijaza. Yeye alikuwa na kifaa kidogo sikioni. Mwaka uliofuata alitangaza kufilisika, lakini miaka baadaye akarudi kwenye televisheni, na watu wakamfuata tena.

Hapa kwetu hakuna haja ya kifaa sikioni. Habari za watu zinapatikana kwenye foleni ya maji, kwa watoto, kwa yule anayepokea wageni mlangoni, kwenye WhatsApp. Na hata bila hayo, mtu akisema mbele ya waliohama vita, "Kuna mmoja wa familia yako hujui aliko," nani hatainua mkono?

Wako wanaosema: mwacheni, maneno yake yanatuliza, angalau mama analala. Ni kweli analala. Lakini aliyeambiwa mwanawe yuko hai mahali fulani anaacha kumtafuta kwingine. Aliyeambiwa amekufa anaacha kabisa. Kazi ya kutafuta waliopotezana na jamaa zao inafanywa na Msalaba Mwekundu, na haitozwi hata franka moja.

Wako pia watakaosema huku ni kushambulia dini. Padri au pasta anayekaa na mjane, akaomba naye asimdai kitu wala asimtaje mchawi, maneno haya hayamhusu.

Yanamhusu anayetaja majina. Mwezi wa tisa 2021, wanawake 8 walioshtakiwa uchawi waliuawa katika Sud-Kivu. Kule Cifunzi, eneo la Kalehe, vijana walitembea na orodha ya majina ya mama wazee. Majina hayo yalitoka kwa wale wanaoitwa bajakazi, wanawake wanaojiita manabii. Anayetaja jina hashiki kiberiti. Ila bila yeye kiberiti kisingejua nyumba ya kwenda.

Kwa hiyo wakuu wa vijiji wasingoje moto. Anayetaja jirani kuwa mchawi apelekwe polisi siku hiyohiyo. Makanisa yasimpe mimbari mtu anayedai malipo kwa ufunuo. Na redio zinazouza saa zao kwa manabii zijiulize zinauza nini kwa wasikilizaji waliokwisha kupoteza nyumba.

Na wewe mama, papa, ukiketi mbele ya anayejua yote, nyamaza. Usimsaidie kwa kichwa wala kwa machozi. Mtajie kaka ambaye hukuwahi kuwa naye, umwombe akuambie aliko. Akikueleza habari zake, simama, chukua sadaka yako, ukawanunulie watoto unga.